Mwaka Tulioishinda Kutu

Tulipomzika kaka yangu Ezekia kule Lyamkena, wasemaji walikuwa wengi na kila mmoja alimsifu kadiri ya pumzi zake. Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu: dresa, yaani mhudumu wa tiba, wa kuzunguka vijijini, kisha tabibu wa zahanati, kisha mzee wa kanisa, baba wa watoto na babu wa wajukuu wengi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nimejifunga kanga na kujitanda blanketi kwa ajili ya baridi, nikisikiliza huku naudhika. Niseme ukweli, mimi huudhika upesi, hata msibani. Ule wasifu ulianzia siku alipoajiriwa, kana kwamba ajira ilimdondokea kutoka juu akiwa amelala. Baadaye, tulipokuwa tunamenya viazi vya chakula cha wafiwa, binti yake mkubwa, Tumaini, ambaye naye sasa ana mvi, alisogea karibu na beseni langu.

"Shangazi," akasema, "hivi ni kweli baba aliwahi kuipaka pikipiki maji ya magome?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, siku zile za mwisho. Sisi tukadhani ni homa inamsemesha."

Homa! Niliweka kisu chini. Nikaona kwamba nisipoandika mimi, mwaka ule utabaki kuwa maneno ya mgonjwa. Basi nauandika, na atakayedhani natia chumvi aje Njombe anikabili, bado nina meno ya kumjibu.

Miaka ile ya Mwingereza tuliishi Njombe, kwenye mteremko uliotazamana na mashamba machanga ya miwati, ile miti inayopandwa kwa ajili ya magome yake, mama, Ezekia na mimi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko la pembeni, lakini jiko ndilo lililokuwa nyumba yenyewe, maana baridi ya kule haikumruhusu mtu kukaa kwingine. Humo tulipika, tulikula, tulisali, na humo Ezekia alifanyia kazi. Kiti chake kilikuwa chini ya dirisha, na mbele yake kulikuwa na meza fupi iliyojaa matumbo ya taa za mafuta na majiko ya kupampu ambayo watu walimletea ayatengeneze. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekauka tangu utotoni kwa ugonjwa ambao siku zile hatukuujua jina. Alikaa hospitali ya misheni muda mrefu hadi akageuka mwanafunzi wao: alijifunza kufunga vidonda, kuchanganya dawa, kuchoma sindano, na mtihani wa udresa akaufaulu vizuri kuliko waliokuwa na miguu miwili. Lakini kazi za wodini zilikuwa zimejaa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka, leo Kifanya, kesho kwenye kambi za wakata magome, na hiyo ilitaka mtu wa kutembea. Kwa hiyo dresa wetu alikaa dirishani akitengeneza taa.

Ukuta wa jiko ulikuwa wa fito na udongo, na maneno yalipita humo bila kubisha hodi. Siku moja nilikuwa nje natwanga, Ezekia yuko ndani mezani kwake, na mama alikuwa uani na jirani yetu mmoja, wakichambua maharage. Jirani akasema, kwa ile sauti ambayo watu hudhani ni ya chini, "Rahabu ataolewa, nawe hutaishi milele. Huyu nani atampikia?" Nilisimamisha mchi hewani nikimngoja mama ajibu, nikasikia maharage tu yakidondoka kwenye ungo. Ndani, mlio wa tupa ya Ezekia nao ulikuwa umesimama. Kisha ukaanza tena, mkali kuliko mwanzo. Hadi leo, nikisikia tupa ikipita kwenye chuma, ile siku inanirudia na roho inaniuma.

Pikipiki tuliipata kwa njia ambayo leo ingeonekana ni dhihaka. Seremala wa Kizungu aliyekuwa misheni alirudi kwao, na katika vitu alivyogawa alimwachia Ezekia pikipiki yake ya zamani, iliyokuwa imelala kwenye banda la mbuzi tangu kabla ya vita kwisha. Tuliikokota nyumbani mimi na vijana wawili wa kwaya. Jina lililoandikwa kwenye tangi lilikuwa limeshafutika. Magurudumu yalikuwa yamekauka mpira, mbuzi walikuwa wametafuna kiti, na chuma chote, kuanzia usukani hadi madigadi ya nyuma, kilikuwa kimevaa kutu ya rangi ya udongo wetu. Mimi niliona takataka. Ezekia alisimama na fimbo yake, akaizunguka taratibu, akaweka kiganja juu ya injini na kukiacha pale, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Hii haijafa," akasema.

Injini sitaieleza sana, maana sikuielewa wakati ule na sijaielewa hadi sasa. Ninachojua ni kwamba aliifungua yote, akaiweka vipandevipande kwenye gunia, akavisafisha kwa mafuta ya taa, na kila kipande alikijua kilikotoka. Breki ya mguu ilikuwa kulia, upande wa mguu wake mbovu, akaihamishia kushoto kwa chuma alichokipasha moto na kukikunja mwenyewe. Kuiwasha alijifunza kusimama pembeni na kuipiga teke kwa mguu wa kushoto, huku mimi nimeshika usukani. Gia zilikuwa za mkono, ubavuni mwa tangi, na hiyo alisema ni Mungu aliyemkumbuka. Siku ilipowaka mara ya kwanza, kuku waliruka ukuta, mama alitoka mbio na mwiko mkononi, na mimi nilishikwa na woga mtamu ambao sijawahi kuupata tena. Kitu kilichokaa na mbuzi miaka yote hiyo kilikuwa kinatetemeka na kunguruma mikononi mwangu. Nilitaka kupiga magoti.

Ezekia akaenda kwa daktari wa misheni na habari hiyo. Nilimsindikiza. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, asiyecheka ovyo, na Kiswahili alikisema polepole kama anayevuka mto kwa mawe. Alitupa chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kikombe.

"Ezekia, nakutaka sana kwa kazi hii," akasema. "Lakini dresa aliyekutangulia alikuwa na pikipiki. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikatika akiwa njiani, kwa sababu ya kutu iliyofichwa chini ya rangi nzuri. Unajua yuko wapi sasa."

Tulijua. Alikuwa amelala kwao, hawezi hata kugeuka.

"Mimi ndiye niliyempa ile pikipiki," akaendelea. "Kwa hiyo, endesha yako masika yote, iache inyeshewe. Mvua zikiisha, uje nayo Makambako siku yangu ya kliniki. Nitaikwaruza kwa mkono wangu. Nikiona kutu inakula chuma, sitakupa kazi, hata ukilia."

Tulirudi nyumbani. Njiani Ezekia akasema hakuona kosa katika maneno ya daktari. Mimi niliyaona mengi, lakini nilimwacha.

Basi ikawa habari ni ngozi ya nje ya ile mashine: ni kitu gani cha kuipaka ambacho mvua ya Njombe haitakitoa. Mtu asiyeijua Njombe atasema, si mpake rangi tu? Lakini kule kwetu kuna wiki nzima ambayo ukungu hauinuki, nguo haikauki, chumvi inageuka maji kwenye kopo, na jembe ulilolisahau shambani unalikuta limebadilika sura. Ukishuka Makambako mambo ni mengine: vumbi jekundu na upepo unaosugua kila kitu. Kilichotakiwa ni vazi la kuvumilia pande zote mbili.

Tulipanda lori la viazi tukaenda Makambako, kwenye duka la Bwana Kanji, pale njia panda yalipokuwa yakisimama malori ya kwenda Mbeya na Iringa. Lile duka nililipenda kuliko kanisa, Mungu anisamehe. Lilinuka sukari guru, mafuta ya taa, ngozi na vitambaa vipya vya marekani, na gizani nyuma kulikuwa na rafu ya makopo yenye rangi iliyochuruzika pembeni kuonyesha kilichomo. Ezekia aliuliza kuhusu kromu, ile inayong'aa kama kioo. Alikuwa ameiona kwenye pikipiki ya afisa mmoja na usingizi ulikuwa umemtoka.

"Kromu?" Bwana Kanji akacheka mpaka akashika kaunta. "Bwana dresa, kromu wanatia kwa umeme, Nairobi huko. Hapa mimi nina rangi ya mlango. Kijani safi. Boma lote la Njombe wamepaka hii."

"Mlango unakaa ndani ya kibaraza," Ezekia akamjibu. "Pikipiki haina kibaraza."

"Basi chukua hii nyekundu ya kupaka chini kwanza, ya mabati. Lakini nakwambia kweli, maana wewe mtu wa dawa: hakuna mtu amerudi kwangu kusema rangi yake imedumu. Wanarudi kununua nyingine."

Madereva wawili waliokuwa wakinywa chai kibarazani wakaingilia. Mmoja akaapa kwa oili chafu ya injini. Mwingine akasema lami, ile ya mapipa ya watu wa barabara, ndiyo dawa ya kila chuma. Wakabishana hadi chai ikamwagika. Ezekia aliwasikiliza wote kwa heshima, na tulipokuwa tukirudi juu ya magunia akaniambia hatachagua kwa kusikia. Angevijaribu vyote.

Alikata vipande vya chuma kutoka kwenye pipa bovu lenye kutu kama ya pikipiki, kila kimoja ukubwa wa kiganja, akavipaka kila kimoja kitu chake: kijani cha mlango, nyekundu ya mabati, zote mbili pamoja, oili chafu, lami, nta ya nyuki, mafuta ya nguruwe, na kimoja hakukipaka kitu. Akavitoboa, nikavifunga kwa kamba kwenye uzio wa mbele ya nyumba, mvua za kwanza zikaanza kuvinyeshea. Upepo ukivuma vilikuwa vikigongana na kulia. Mimi nilifurahi, nikaona nyumba yetu imepata kengele zake.

Wengine hawakuona kengele. Jumapili moja baada ya ibada, Mzee Mhema, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, alikuja akiwa amevaa koti lake zito, akasimama nje ya uzio bila kuugusa.

"Kamwene, mama Ezekia," akasalimia.

"Kamwene, mzee. Karibu ndani."

"Nitakaribia. Lakini kwanza niseme, nimekuja kwa upendo." Akavitazama vile vyuma. "Watu wanasema humu mmeweka zindiko. Wanasema mmefunga vyuma ili mguu wa mtoto unyooke. Mimi nimewaambia hapana, lakini nimeona nije nione kwa macho."

Mama alikasirika, na mimi nilikuwa na mengi ya kusema ila Ezekia aliniwahi. Alitoka na fimbo yake, akamshika mzee mkono, akampitisha kwenye uzio kipande kwa kipande. Alimwonyesha jinsi kijani kilivyokuwa kimeanza kuinuka pembeni kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake kutu mbichi. Alimwonyesha mafuta ya nguruwe, yaliyolambwa na mbwa. Lami ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekamata nyasi, wadudu na unyoya wa kuku. Mzee Mhema aliinama, akavaa miwani, akakwaruza kwa ukucha. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwingine kabisa.

"Na jembe," akauliza kwa sauti ya chini, "jembe laweza kupimwa hapa?"

Kesho yake jembe la mzee wa kanisa nalo lilining'inia pale, na tangu siku hiyo maneno ya zindiko yakaisha.

Lakini majibu ya uzio yalikuwa mabaya. Nta ndiyo iliyoonekana na nguvu kidogo, nayo jua kidogo tu lilitosha kuiteremsha. Mvua zilikuwa zinazidi kukolea, na Ezekia hakuwa na la kupaka. Akaamua kwamba dawa ni usafi: chuma kikisuguliwa hadi king'ae ndipo rangi itashika. Alianza na madigadi ya mbele. Alikaa nayo mapajani siku nyingi, kwa mchanga, kwa jiwe, kwa msasa uliobaki kama kitambaa, huku mimi nikisugua upande wa ndani hadi kucha zikaisha. Alipoiosha na kuianika uani, ukungu ukapita, na asubuhi ilikuwa imeshapata kutu upya, nyembamba, ya rangi ya chungwa. Nilimwona akiiangalia kupitia dirisha na sikuthubutu kuingia.

Siku hiyohiyo mama alikuwa anachoma vyungu. Mama alikuwa mfinyanzi, na ufinyanzi wa kwetu una desturi moja: chungu kikitoka motoni, kabla hakijapoa, hunyunyiziwa maji yaliyochemshwa na magome ya miti, ili kizibe vitundu na kisivuje. Zamani walitumia miti ya porini, lakini kwa kuwa miwati ilikuwa imejaa pande zote na maganda yake yakiokotwa bure, mama alikuwa amehamia kwenye miwati. Upepo ulikuwa mkali. Akatafuta kitu cha kukinga moto, akaona chuma kilichopinda kimelala uani kina kutu. Kwake vyuma vyote vya Ezekia vilikuwa vya kutundikwa kwenye uzio. Akakichukua.

Tulikuwa tunakula, ugali na majani ya maboga, Ezekia alipogeuka kutazama nje.

"Mama, madigadi yangu iko wapi?"

"Ipi? Ile bati iliyopinda? Nimekingia upepo."

Ezekia akaweka tonge chini. "Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "ile siyo bati. Ule ni mguu wangu."

Mama alitoka nje bila kuvaa viatu. Aliirudisha ameishika kwa kanga, bado ina joto, nusu imejaa masizi, na juu yake kuna madoa meusi ya maji ya magome yaliyoruka alipokuwa akinyunyizia vyungu. Alikuwa analia. Akachukua majivu na kitambaa, akaanza kusugua yale madoa kwa nguvu zote, akiomba radhi. Masizi yalitoka. Kutu ya chungwa nayo ilitoka kidogo na kubaki kwenye kitambaa. Madoa hayakutoka. Nikampokea nikasugua mimi, na mimi nina mkono mzito, hayakutoka. Ezekia akaichukua, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliigeuza huku na huku hadi ugali ukapoa.

"Rahabu," akaniita. "Njoo uguse."

Niligusa. Palipokuwa na kutu palikuwa na unga unga. Palipokuwa na doa palikuwa laini, pagumu, peusi kwa namna ya bluu, kama anga ya upande wa Makete mvua inapojikusanya. Tukaifunga kwenye uzio, ikanyeshewa wiki nzima. Kutu ikaota kila mahali isipokuwa ndani ya madoa. Kila doa lilibaki na mpaka wake, jeusi na kavu, na kutu ikilizunguka bila kuingia. Sijui niwaeleze vipi mliozaliwa juzi mkiona mambo makubwa kila siku. Sisi tulisimama kwenye mvua, watu wazima watatu, tukiangalia madoa kwenye bati, na mama akasema "Bwana Mungu" polepole, mara nyingi, na nywele zilinisimama.

Ajabu kubwa zaidi ilikuja tulipoanza kufanya kwa makusudi. Kwenye chuma kilichong'arishwa maji ya magome yaliteleza tu na kuacha kivuli hafifu. Kwenye kutu nene yaligeuza juu tu, na chini kutu ikaendelea na kazi yake, na siku kadhaa baadaye yote yakabanduka. Lakini kwenye kutu nyembamba, ile ya usiku mmoja wa ukungu, ile iliyokuwa imemkatisha Ezekia tamaa, yaliingia na kuigeuza yote. Kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa inageuka kuwa vazi. Adui tuliyekuwa tukimkwangua mpaka kucha zikaisha ndiye aliyetakiwa abaki kidogo ili aokolewe. Ezekia aliposema hivyo, alisema kwa kunong'ona, akanitazama kuona kama nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa. Miaka imepita mingi na mambo mengi nimeyaona, lakini sijapata kuona tena kitu kidogo kikubwa namna ile.

Jiko letu likageuka karakana. Fremu ililazwa kando ya moto juu ya vigogo, uma wa mbele ukaning'inizwa darini pamoja na mahindi, rimu zikaegeshwa ukutani. Mama alichemsha magome kwenye debe hadi yakawa mazito kama uji wa ulezi, Ezekia akapaka yangali moto kwa brashi ya mkonge, ikakauka, akapaka tena. Tulikula tukiwa tumeinamia sahani ili tusigonge vyuma kwa vichwa. Juu ya weusi ule akapaka mafuta ya kitani ambayo seremala alikuwa akiyatumia kwenye mbao, yamechanganywa na nta, na kuvikausha taratibu kwa joto na moshi. Uji wetu ulinuka magome, nguo zetu zilinuka magome, na kanisani watu walitupisha kwenye benchi. Niliota rangi nyeusi.

Tangi tu ndilo alilokataa kulipaka magome. Alitaka liwe kijani.

"Watu wanaangalia tangi," alisema. "Nikifika kijijini kwa mgonjwa, nisifike kama mtu aliyetoka kwenye tanuru la mkaa."

Hapo sikumlaumu. Alikuwa kijana, na tangu utotoni watu walikuwa wakimwangalia mguu tu. Akapaka kijani cha Bwana Kanji kwa uangalifu wote, tabaka juu ya tabaka, na pikipiki ilipounganishwa ikawa nzuri hadi tukashindwa kuacha kuiangalia. Masika yote akaiendesha. Alikwenda mtaani, akaenda sokoni, akaanguka kwenye matope mbele ya wasichana wa shule na kuinuka akicheka. Ilipokuwa imesimama tuliiacha nje, mvua ikiipiga, mama akiitazama kwa huruma kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwili mweusi ulibaki mweusi. Tangi likaanza kuvimba chini ya rangi. Mwanzoni lilikuwa lengelenge moja, dogo, karibu na mfuniko. Ezekia alilifunika kwa kidole gumba, akaendelea kuzungumza mambo mengine. Baada ya muda yakawa mengi na kidole hakikutosha.

Asubuhi moja niliamka nikasikia tupa. Nilimkuta uani amelipakata tangi na kijani chote kimelala miguuni pake vipandevipande.

"Daktari hatakwaruza urembo wangu," akasema bila kuinua kichwa. "Atakwaruza chuma. Mwambie mama achemshe magome."

Tulilipaka siku hiyo. Lilikauka jeusi kama mengine yote.

Siku ya kliniki ya Makambako Ezekia aliondoka alfajiri. Niliishika pikipiki akaipiga teke, ikawaka, akapanda, akaingia kwenye ukungu, na sauti ikabaki ikishuka mteremko hadi sikuisikia tena. Mimi nikapanda lori na vyungu vya mama vya kuuza. Lori letu likakwama kwenye matope ya masika yaliyokuwa hayajakauka, tukashuka, tukasukuma, tukapanda, likakwama tena. Nilikuwa roho mkononi. Kila mtaro niliuchungulia. Kila kona nilitegemea kuona chuma cheusi kimelala na mtu kando yake, na nilikuwa nikimfikiria yule dresa wa kwanza asiyeweza kugeuka kitandani. Abiria mwenzangu alidhani naumwa tumbo, akanipa tangawizi nitafune.

Tulifika Makambako jua limeshavuka utosi. Nilishuka kabla lori halijasimama, vyungu nikaviacha kwa utingo, nikakimbia hadi kwenye jengo dogo la kliniki. Pikipiki ilikuwa imesimama mbele, imejaa vumbi jekundu. Mahali pengi, kwenye uma, kwenye fremu, chini ya tangi, palikuwa na mistari myembamba iliyokwaruzwa kwa kisu cha hospitali, kila mstari ukionyesha chuma cheupe, safi, na weusi umeking'ang'ania pande zote mbili. Niliinama nikatafuta unga wa kutu kwa kidole. Sikuupata.

Ezekia alikuwa amekaa kwenye benchi la kibarazani. Mapajani alikuwa na mkoba wa dawa wenye msalaba, ule wa dresa wa kuzunguka, na kando yake vikombe viwili vya chai, kimoja kitupu. Alinitazama nikija, nimejaa matope, nahema, kanga imenitoka begani.

"Rahabu, mbona umechelewa hivyo?" akasema. "Nimekungoja mpaka chai yako imepoa."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote neno hilo. Tangu alipoanza kutembea ni yeye aliyengojwa, na wenzake, na kwaya, na mimi, kila mahali, kila siku, hadi tulikuwa tumesahau kwamba tunamngoja. Nilimwona usoni kwamba alikuwa ameliandaa neno lile kwa saa nyingi na kwamba lilikuwa linamtetemesha mdomo. Nikataka kucheka, machozi yakatangulia.

"Nisamehe, kaka," nikamwambia. "Nisamehe kwa kukungojesha."